Damu ya Konsolata na Damu Yako

Swedi, mwanangu,

Kesho asubuhi basi litakupeleka Kigali, utoke hapo uende Kampala, halafu Nairobi. Sasa hivi umekwenda na baba yako kuwaaga watu wa msikitini. Nimefunga duka mapema, nimeketi nyuma ya kaunta kati ya maboksi ya bolti na plagi za magari, nikuandikie kabla hamjarudi. Nyumbani nisingeweza. Ungeniona na kalamu ungeniuliza ninaandika nini, na mimi uso wangu haujui kuficha kitu.

Sitakuandikia habari za barafu, wala za kutomeza aspirini, wala za kumwambia daktari wa meno hali yako kabla hajakugusa. Hayo unayajua tangu ulipokuwa na miaka sita, na Konsolata amekuandikia barua mbili, ya Kifaransa na ya Kiingereza, za kuonyesha kliniki ya damu kule Nairobi. Ninayotaka kukuambia hayamo kwenye barua zake. Ni yale niliyokosea mimi. Mengine ulikuwepo, ukiwa umelala kwenye godoro lako pale sebuleni, lakini ulikuwa mdogo na maumivu yalikuzidi.

Umekua ukijua kwamba kwetu tulizaliwa wasichana watupu. Si kweli. Nilikuwa na kaka, jina lake Athumani. Alikuwa na miaka saba walipompeleka kutahiriwa pamoja na wenzake wanne. Wenzake baada ya juma moja walikuwa wanacheza mpira. Yeye alitoka damu siku tatu, ya nne tukamzika. Wazee wakasema ni jicho la watu, na jina lake likakatazwa kutajwa nyumbani. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaolewa na siri hiyo, na baba yako sikumwambia, kwa sababu kila nikijaribu nilikuwa naona sura ya mama yangu.

Ulipofika miaka mitatu, baba yako akapanga siku yako ya tohara. Asubuhi ile nilisimama mlangoni na beseni la maji ya moto mikononi, na nilijua ninachokiogopa. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ya Athumani yalikuwa ya Athumani.

Ulitoka damu siku tano, Swedi. Kidogo kidogo, haikuwa nyingi ya kutisha, ila haikukatika. Nilifua vitambaa, nikaanika, nikavichukua tena kabla havijakauka. Siku ya tano midomo yako ilikuwa myeupe, baba yako akakubeba mbiombio mpaka hospitali. Zamu ilikuwa ya muuguzi mmoja mwembamba, mrefu, anayeongea polepole. Alikuangalia, akaniangalia.

"Mama, kwenu kuna mutoto mwanaume alikufa juu ya damu?"

Baba yako alikuwa amesimama kando yangu. Nikasema, "Apana."

Akaendelea kukunja bandeji zake. Halafu akauliza tena bila kuniangalia, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Hata mutoto wa zamani?"

Ndipo nikasema, "Kaka yangu."

Baba yako alingoja mpaka tuliporudi nyumbani baada ya siku nane. Akaniambia sentensi moja tu: "Ungeniambia, ningemupeleka hospitali siku ya kwanza." Hajairudia tena hata siku moja katika miaka yote hii, hata tulipogombana kwa mambo mengine. Nakuambia ili ujue umezaliwa na mwanamume wa namna gani.

Muuguzi yule ndiye Konsolata, unayemwita Tantine kama shangazi yako.

Ugonjwa tukaambiwa jina lake, hemofilia, na kwamba damu yako inakosa kitu kimoja kinachoifanya igande. Tukaambiwa pia kwamba mama ndiye anayeupitisha bila yeye kuumwa. Miaka ya mwanzo walikutundikia maji ya damu za watu wengine, na kila chupa niliiangalia kwa furaha na kwa hofu, maana huko ndiko maradhi mengine yalikokuwa yanapitia. Wewe Mungu alikupitisha. Halafu ukiwa na miaka saba, daktari mzee wa pale hospitali akapata vichupa vya dawa ya unga kutoka kwa rafiki yake wa Ulaya. Konsolata aliuchanganya ule unga na maji yake, akakuchoma sindano mkononi. Goti lako lilikuwa limevimba kama boga. Asubuhi alikuchoma, mchana ukaomba chai na mkate, kesho yake ukataka kwenda kuchungulia magari kwenye gereji ya baba yako. Nilikaa jikoni nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilidhani yamekwisha.

Kisha vita vikaanza. Ulikuwa na miaka minane, unakumbuka. Zilikuwepo siku mji mzima unafungwa, hakuna basi wala duka, na vijana wamesimama kwenye njia wakiuliza watu wanatoka wapi, maana kutoka mtaa usio wao kulitosha kukuua. Kukupeleka hospitali ikawa kazi ya kubahatisha maisha. Konsolata alikuwa anakaa mtaa wa Kamenge, ng'ambo ya mto. Yeye ndiye aliyekuwa anakuja. Alitembea kwa miguu, akavuka mto Ntahangwa, akaingia mtaani kwetu Buyenzi na vichupa ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, ameifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Wakimsimamisha anasema anapelekea mgonjwa uji. Nilimpa chakula, alikataa pesa. Sikuwahi kumuuliza kwa nini anafanya hivyo. Mtu anayekutendea mema kila juma unamzoea, unaacha kumwona.

Ulipofika miaka tisa, dawa ikaacha kufanya kazi.

Mara ya kwanza goti lilichelewa siku mbili kupungua. Mara ya pili, siku nne. Mara ya tatu Konsolata alikuchoma Jumatatu, akarudi Jumanne akaongeza, Jumatano akaongeza tena, na goti likazidi kuwa gumu na la moto, na wewe ukalia mpaka sauti ikaisha. Na mimi, Swedi, ni muuza vipuri. Nimekulia katika biashara hii. Najua jinsi plagi iliyokufa inavyosuguliwa ikatiwa kwenye boksi jipya na kuuzwa kwa mtu anayetoka mbali. Nikamtazama Konsolata akifungua kile kichupa, nikamwona kwa macho ya dukani. Nikasema moyoni, dawa nzuri ameuza, mwanangu anachomwa maji.

Jumatano ile nilimfuata mpaka nje. Ilikuwa saa nne asubuhi, barabara imejaa watu kwa kuwa hakuna aliyeweza kwenda mjini. Nikamshika kitenge.

"Umemutia mutoto wangu nini?"

"Mama Swedi, hata mi sielewi. Nataka nimuulize daktari."

"Unatoka Kamenge na thermos, nani anajua muna nini mule? Ni maji? Ni sumu?"

Neno hilo nililisema kwa sauti. Unajua siku zile zilivyokuwa. Watu walikuwa wanakufa kwa maneno madogo kuliko hilo. Niliona vichwa vinageuka. Vijana watatu waliokuwa wamekaa juu ya matairi wakainuka. Mmoja akauliza, "Sumu? Nani? Huyu ni wa wapi?" Konsolata hakukimbia. Alinitazama mimi tu. Nikaona nimefanya nini. Na unajua ni kitu gani kinachonichoma mpaka leo? Nilipoona, sikufungua mdomo. Ulimi ulikuwa mzito kama asubuhi ile ya beseni la maji.

Baba yako ndiye aliyetoka gereji, mikono imejaa grisi. Alimshika Konsolata mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango, akasimama mbele ya mlango.

"Ni mugeni wangu," akawaambia wale vijana. "Anatibia mutoto wangu. Bibi yangu hajalala siku tatu, haelewi anachosema. Mwenye neno aniambie mi."

Walimjua, alikuwa amewatengenezea magari baba zao. Wakakaa tena, polepole. Alasiri akamsindikiza mpaka darajani, wakitembea kama mtu na dada yake. Wewe ulikuwa unauliza, "Tantine ameenda wapi? Hajaniaga." Nikakuambia ana haraka.

Hakurudi juma lile, wala lililofuata. Goti lako lilipona lenyewe, kwa shida, likabaki limepinda kama lilivyo sasa. Baada ya siku ishirini daktari alituma mtu tuje hospitali na wewe. Tulipofika maabara, Konsolata alikuwa ameketi kwenye kiti, ameshakunja mkono wa blauzi. Hakunisalimu. Fundi wa maabara alimtoa damu yeye, akakutoa na wewe. Wakazungusha zile damu kwenye mashine mpaka yakabaki maji ya njano juu. Daktari akaniita karibu.

"Mama, uangalie kwa macho yako. Hii ni ya Konsolata. Hii ni ya mutoto. Hii ya tatu tumezichanganya."

Wakaziweka kwenye maji ya uvuguvugu. Tulikaa saa mbili. Wewe ulikuwa unamsimulia Konsolata habari za paka aliyezaa ndani ya teksi, na yeye alikuwa anakujibu vizuri, kama kawaida. Kisha fundi akadondosha dawa yake kwenye kila kichupa. Ya Konsolata ikaganda upesi, ikawa kama uji uliopoa. Yako ikabaki maji, na hilo tulilitarajia. Lakini ile iliyochanganywa, yenye damu nzima ya mtu mzima ndani yake, nayo ikabaki maji.

"Unaona?" daktari akasema. "Dawa ilikuwa nzuri. Mwili wa mutoto umeiona ni kitu kigeni, umejifunza kuiharibu. Hata damu nzuri ya Konsolata, ya mutoto imeiharibu. Hii inatokea kwa baazi ya wagonjwa. Si kosa la mutu." Kwa Kifaransa alikiita *inhibiteur*. Konsolata baadaye alikufundisha kukiita kizuizi.

Nilitaka ardhi ifunguke. Nilimwendea Konsolata pale pale kwenye kiti, pamba bado iko mkononi mwake. Nikamwambia, "Nisamehe."

Akasema, "Mama Swedi, leo sikuogopi. Lakini siku ile niliogopa, nilifikiri watoto wangu. Siwezi kukuambia siku ile haikuwepo." Akatoa ile pamba, akaangalia kama damu imekatika. "Mutoto nitamuona Alhamisi. Kwenu sikuji mpaka wale watu wa barabarani wajue ukweli."

Basi nikarudi nikafanya jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, hata kuliko kukuzaa wewe. Nilipita nyumba kwa nyumba. Nilianza na wale vijana wa matairi. Nikamwambia kila mtu aliyenisikia siku ile: nilisema uongo, yule mama hakumtia mwanangu kitu kibaya, damu ya mwanangu ndiyo inayoikataa dawa. Wengine walinihurumia. Mmoja akanicheka. Jirani mmoja akasema, "Kwa hiyo ugonjwa umetoka kwenu?" Nikamjibu ndiyo, umetoka kwetu, kaka yangu alikufa nao, aliitwa Athumani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake barabarani, na sikuanguka, wala hakuna aliyeniuliza zaidi. Nikaenda nyumba iliyofuata.

Konsolata alirudi mwezi uliofuata, na ile chupa yake ya chai, safari hii ina barafu tupu.

Miaka iliyokuja unaikumbuka mwenyewe, ila hujui ilivyokuwa upande wangu. Daktari alisema mwili usipoonjeshwa ile dawa kwa muda mrefu, unaweza kuisahau. Halafu siku ya hatari kubwa itafanya kazi, siku nne, labda tano, kabla mwili haujakumbuka. Kwa hiyo alikuwekea vichupa kwenye friji ya hospitali, akivibadilisha kila vikikaribia muda wake, na akatukataza kuvigusa kwa goti wala kwa kiwiko. Ulikuwa unaniambia, "Mama, iko dawa, naijua iko, nipe kidogo tu." Na mimi nikakuwekea barafu, nikakufunga bandeji, nikaweka mguu wako juu ya ule mto baba yako alioushona kwa sponji ya kiti cha gari. Nikakukatalia. Ukiwa na miaka kumi na moja uliniambia simpendi mwanangu. Nilitoka nikaenda kuuza bolti. Sikukukasirikia. Ningekuwa wewe ningesema zaidi.

Lakini ndipo ulipoanza kuchora. Huna pa kwenda, unaomba karatasi za nyuma za vitabu vyangu vya risiti, unachora nyumba yetu, msikiti, gereji, mfereji mzima wa maji ya mvua kutoka kwetu hadi mtoni. Ulichora nyumba zilizobomoka huko Kamenge kama Konsolata alivyokusimulia, halafu ukazichora tena zikiwa na mapaa. Yeye alikuwa ameshahamia Kajaga, kando ya ziwa, kwa dada yake, kwa sababu nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zilizobomoka. Ile karatasi anayo.

Siku yenyewe ilikuja ukiwa na miaka kumi na tano. Ulitumbukia kwenye shimo la gereji, ukagonga kichwa kwenye ukingo wa saruji. Uliinuka ukacheka. Saa sita mchana ukasema kichwa kinauma, saa saba ukatapika. Baba yako alikuwa ameshawasha gari la mteja. Nilimpigia simu Konsolata kutoka kwa jirani. Yeye ndiye aliyefika hospitali kabla yetu, amepanda pikipiki ya mvuvi, nguo zinanuka samaki. Ulikuwa unaita vitu kwa majina yasiyo yake. Aliponiona akanyoosha mkono na kile kichupa cha kwanza, akanionyesha maandishi yake, akanionyesha kifuniko kilivyofungwa.

Nikamwambia, "Konsolata, mi siangalii. Choma."

Halafu akafanya kazi yake.

Jioni ulitambua jina langu. Siku ya pili ulimtania daktari kuhusu viatu vyake. Walikuchoma asubuhi na jioni, na siku ya sita mwili ukakumbuka, dawa ikaisha nguvu kama walivyosema. Lakini damu kichwani ilikuwa imeshasimama. Tulibaki wodini majuma matatu, na katika majuma hayo Konsolata aliacha kuniita Mama Swedi akaanza kuniita Zaina. Sikumuuliza kwa nini. Niliitika tu.

Mwanangu, sina hekima ya kukupa kwenye begi. Najua tu kwamba mara mbili nilinyamaza palipohitaji neno, na mara moja nilisema palipohitaji swali, na mara zote tatu aliyekuwa hatarini alikuwa mtu mwingine. Huko Nairobi utakutana na dawa mpya. Nasikia zipo zinazopita kando ya kizuizi, labda utazipata, labda hutazipata. Siku moja kitu kilichokuwa kinakusaidia kitaacha kukusaidia, iwe dawa au rafiki, nawe utatamani sana awepo wa kumlaumu. Mimi namjua mtu anayejisikia hivyo. Hana raha.

Tena ukipata mchumba, mwambie mapema habari za damu. Usingoje mpaka akupende sana. Wana wako wa kiume hawatakuwa na ugonjwa huu, lakini binti zako wataubeba kama nilivyoubeba mimi. Aziza dada yako huenda naye anaubeba. Nimeshamwambia, mwezi uliopita, tukiwa tunachambua mchele. Aliuliza maswali kumi na saba, niliyahesabu, halafu akaniuliza kama chumvi imetosha kwenye mboga. Nikashangaa jambo lililonifunga mdomo miaka thelathini lilivyopita kwa wepesi mbele ya sinia la mchele.

Utaniona nimetulia kesho, ukadhani ninajikaza. Sijikazi. Nimechoka kidogo kwa kupanga vitu vyako, basi.

Kabla sijafunga duka leo alikuja mteja mmoja wa Uvira, tunajuana kidogo, hajafika hapa miaka mingi. Alikuwa anatafuta bomba la radieta. Tukaongea bei, tukaongea njia, halafu akauliza, "Na yule mutoto wako mwanaume?"

"Anaenda Nairobi kesho," nikasema. "Anaenda kusomea kuchora manyumba."

"Eh! Na ni muzima?"

Miaka ishirini nimekuwa nikilijibu swali hilo kwa hadithi ndefu. Nilikuwa nafungua mdomo nianze. Nikaona sina haja.

Nikamwambia, "Ni muzima kabisa."

Akalipa akaenda, nami nikabaki nimeshika mlango, nikijiuliza kama nimemdanganya. Nimelifikiria tangu wakati ule, Swedi. Sikumdanganya.

Mama yako,
Zaina